Chaza hana kingamwili, sasa hizi RNA ndogo zinamsaidiaje akipatwa na virusi?

akoth_maseno

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia Maseno, mwaka wa nne, na semina yangu ni kuhusu vile RNA ndogo zinaongoza kinga ya chaza dhidi ya virusi. Najua kuna mtu atauliza mbona chaza na sisi tuko ziwani, bahari iko huko Mombasa, lakini hii mada nimeichagua mwenyewe juu nilisoma kuhusu ule ugonjwa uliomaliza chaza wachanga Ufaransa mwaka 2008 na tangu hapo sijatulia, nataka kuelewa mnyama kama huyo anajitetea aje.

Kitu nimeshika mpaka sasa ni hivi. Chaza wa Pasifiki, Crassostrea gigas, hana kingamwili, yaani zile protini za damu zinazomshika adui maalum, hana zile seli za kukumbuka adui kama zetu, ako tu na seli za damu zinazozunguka zikimeza vitu visivyofaa. Virusi vinavyomsumbua vinaitwa OsHV-1, ni vya jamii ya herpesi, na ile aina mpya ya 2008 iliua kati ya asilimia 40 na 100 ya wachanga kwa mashamba mengi, halafu 2010 ikasikika New Zealand na Australia. Upande mwingine kuna RNA ndogo, vipande vya nukliotaidi (herufi za RNA) ishirini na kitu, ambavyo vinaweza kunyamazisha jeni.

Sasa hapo katikati ndio nimekwama. Kila makala nikifungua inasema yake, moja maikroRNA, ingine siRNA, ingine piRNA, ingine inasema ukimdunga chaza RNA ya nyuzi mbili hafi tena na virusi. Hizo zote ni kitu kimoja ama? Na mwenzangu wa darasa ananiambia hakuna haja ya kuumiza kichwa, niandike tu vile mbu anafanya halafu nitoe mbu niweke chaza. Roho imekataa kabisa. Naombeni msaada, semina ni wiki ijayo.

labu_ya_mbu

Akoth nyathiwa, roho yako iko sawa, isikilize. Kazi yangu ni mbu, niko labu hapa Kisumu, kwa hivyo hiyo ya mbu naijua vizuri na ndio maana nakukataza kuihamisha nzima nzima kwa chaza.

Tutenganishe kwanza. RNA ya ujumbe, ile inayobeba maagizo ya jeni ili protini itengenezwe, huwa uzi mmoja ndani ya seli. Virusi vikianza kuzaana mara nyingi vinaacha RNA ndefu ya nyuzi mbili zilizoshikana, na seli yenye afya haina sababu ya kuwa na kitu kama hicho kwa wingi, kwa hivyo ikikiona inajua kuna mgeni ndani. Kwa mbu kuna protini inaitwa Daisa-2, inashika huo uzi na kuukatakata vipande vya nukliotaidi 21, vyote urefu mmoja, kama yule jamaa wa miwa pale stendi ya Mumias, hapimi na rula lakini kila kipande kinatoka sawa na kingine. Hizo ndio siRNA. Kipande kimoja kinapakiwa ndani ya protini ingine, Agonauti-2, na hiyo Agonauti inatembea nacho ikitafuta RNA yoyote inayolingana nacho, ikiipata inaikata. Na hii imepimwa na mbu wetu wa huku. Anofelesi gambiae anasambaza O'nyong-nyong, ule ugonjwa wa viungo uliotokea Uganda 1959 ukavuka mpaka ukalaza watu wengi sana upande huu, wazee wanaukumbuka, na mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba ukimzimia huyo mbu Agonauti-2 yake, virusi vya O'nyong-nyong vinaongezeka na kuenea zaidi mwilini. Huo ni ushahidi mzito kwa sababu wametoa mashine na virusi vikapanda.

MaikroRNA ni kitu tofauti. Hizo haziletwi na virusi, ziko kwa jenomu, yaani DNA yote, ya mnyama mwenyewe, zinatoka kwa RNA iliyojikunja, urefu kama 22, na kwa wanyama mara nyingi hazikati. Zinashikana na RNA ya ujumbe kwa sehemu fupi tu, nukliotaidi ya pili mpaka ya nane, halafu protini inayotengenezwa inapungua. Na maikroRNA moja inaweza kugusa jeni nyingi kwa wakati mmoja, kwa hivyo kwenye kinga kazi yake ni kupandisha na kushusha nguvu ya majibu, kinga isizidi ikaumiza mnyama mwenyewe na pia isilale.

piRNA ni ndefu kidogo, 24 mpaka 31, hazipitii kwa Daisa, na kwa wanyama wengi zinakaa kwa viungo vya uzazi zikizuia zile jeni zinazorukaruka zisiharibu mbegu na mayai. Kwa chaza na konokono zimepatikana hata nje ya viungo vya uzazi, na hiyo ni moja ya sababu watu wanawafuatilia sana siku hizi. Kwa mbu Aedes aegypti kuna piRNA zinazotokana na virusi kabisa, lakini tena nakwambia, huyo ni Aedes.

Sasa chaza. Mashine ya kunyamazisha jeni ako nayo na inafanya kazi, mwaka 2009 Ufaransa walimdunga RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni yake ya vasa, ile ya seli za uzazi, na jeni ikashuka, seli za uzazi zikakwama njiani. Lakini mashine kuwepo ni jambo moja, kwamba hiyo mashine ndiyo inamwokoa na OsHV-1 ni jambo lingine, na mwenzako ameruka hapo kati bila kukanyaga. Kwa mbu tuna lile jaribio la kuzima Agonauti virusi vikapanda. Kwa chaza, ushahidi wa nguvu namna hiyo haujakamilika, na wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya konokono na jamaa zake wote, chaza akiwemo. Andika hivyo wazi, hakuna aibu ndani yake.

wafula_busia

Mimi ni mtu wa mimea lakini hii mada imenivuta, niongeze kidogo. Wafanyao kazi na viazi vitamu huku Busia wanajua ule ugonjwa wa majani kukunjamana na kudumaa hadi unavuna mizizi kama vidole. Hiyo kawaida ni virusi viwili vikikutana kwa mmea mmoja, kimoja kinaletwa na vidukari, kingine na inzi weupe. Kile cha vidukari kikiwa peke yake mmea unakivumilia tu vizuri, RNA ndogo za mmea zinakidhibiti. Shida inaanza kile cha inzi weupe kikiingia, kwa sababu kinabeba kimeng'enya chake kinaitwa RNase3 ambacho kinazikata siRNA za mmea, zile za 21 mpaka 24, zinabaki vipande vya kama 14 ambavyo havina kazi. Ulinzi ukishaanguka hivyo, kile kirusi cha kwanza kinachozoea kuvumiliwa kinapanda vibaya sana.

Kwa nini nasema haya kwa dada anayeuliza chaza? Kwa sababu ukiona RNA ndogo kwa kiumbe usiishie kuuliza zinafanya nini, uliza pia virusi vimejibu aje. Virusi haviwezi kukaa miaka yote na mwenyeji mwenye silaha bila kutafuta njia ya kuivunja. Kwa mimea tumezipata hizo njia nyingi sana na kwa wadudu pia. Kwa upande wa virusi vya chaza mimi ningekuwa wewe ningeweka slaidi nzima ya hilo swali.

Na watu wasidhani hizi ni stori za vitabu. Mhogo wa KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, unaovumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule serikali iliruhusu 2021 uendelee kwenye majaribio ya wazi, umetengenezwa kwa njia hii hii, mmea umepewa kipande cha virusi ili utengeneze siRNA mapema kabla ugonjwa haujafika. Mmea unaanza na silaha mkononi.

akoth_maseno

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili na sasa nimeanza kuona njia. Wafula hiyo ya RNase3 naichukua.

labu_ya_mbu nisaidie na hili moja. Kuna makala ina grafu, chini ni urefu wa RNA kuanzia 15 mpaka 35, juu ni idadi, wamechukua chaza aliyeambukizwa OsHV-1 wakasoma RNA zote ndogo halafu wakatoa zile zinazolingana na jenomu ya virusi. Msimamizi wangu ananiuliza hapo utajuaje ni siRNA za kweli na si takataka tu ya RNA iliyooza. Sikuwa na jibu. Na pia OsHV-1 ni virusi vya DNA, sasa RNA ya nyuzi mbili inatoka wapi?

labu_ya_mbu

Msimamizi wako ameuliza swali zuri kuliko yote kwa hii mada na ukilijibu vizuri semina umeimaliza, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Seli ikifa ama RNA ikiharibika unapata vipande vya kila urefu, 17, 19, 23, 28, grafu inakuwa mteremko tu ama tambarare, hakuna urefu mmoja uliosimama juu ya wengine. Na vipande vingi vinatoka kwa ule uzi ambao virusi vinautumia sana, kwa zile jeni zinazoandikwa kwa wingi. Lakini Daisa akifanya kazi unaona mambo matatu kwa pamoja. Kuna kilele kikali kwa urefu mmoja, kwa wadudu 21. Pili vipande vinatoka nyuzi zote mbili karibu nusu kwa nusu, kwa sababu kilichokatwa kilikuwa cha nyuzi mbili. Tatu ukivilinganisha jozi kwa jozi unakuta kila upande umezidi mwenzake kwa nukliotaidi mbili mwishoni, hiyo ndio alama ya meno ya Daisa. Ukipata kilele bila nyuzi mbili, shuku. Ukipata nyuzi mbili bila kilele, shuku zaidi. Kwa piRNA alama ni zingine, kipande kinaanza na U na mwenzake wa upande wa pili ana A kwa nafasi ya kumi, na wanapishana kwa nukliotaidi kumi.

Kitu kingine cha kuangalia ni vipande vimetandazwa aje kwenye jenomu. Jenomu ya OsHV-1 ni ndefu, kama nukliotaidi 207,000, sasa kama vipande vyako vyote vimerundikana kwa sehemu mbili tatu uliza hizo sehemu ni nini, pengine ni mahali jeni mbili zinaandikwa zikielekeana na mikia yao inapishana.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la pili. Virusi vya DNA havihitaji RNA ya nyuzi mbili ili vizaane, ni kweli, lakini jeni zake ziko pande zote mbili za DNA na zimebanana, kwa hivyo zikiandikwa kwa nguvu RNA za upande huu zinakutana na za upande ule na kushikana. Kwa nzi wa matunda imeshaonyeshwa kwamba virusi vya DNA vinaweza kukatwa na Daisa-2 kwa njia hiyo hiyo. Kwa chaza ushahidi kwamba nyuzi mbili zinatokea umekuja kwa mlango mwingine kabisa, na mimi naupenda sana. Kuna protini inaitwa ADAR, inashika RNA ya nyuzi mbili peke yake na kubadilisha A kuwa herufi ingine ambayo ukiisoma kwa mashine inaonekana G. Watafiti waliposoma RNA za OsHV-1 ndani ya chaza walioambukizwa, walikuta hayo mabadiliko ya A kuwa G yamejaa sehemu fulani fulani. ADAR haigusi uzi mmoja, kwa hivyo nyuzi mbili zilikuwepo. Na ADAR yenyewe inapanda chaza akiambukizwa. Sasa ona, hiyo ni njia ya kuharibu RNA ya virusi ambayo haihusu siRNA hata kidogo, na inatumia malighafi ile ile ambayo Daisa angetumia. Inawezekana kabisa kwamba kwa chaza RNA ya nyuzi mbili inaenda huko zaidi kuliko kwa Daisa. Hilo liseme kama swali, usiliseme kama jibu.

mwalimu_shinyalu

Nimefuata hii mazungumzo nikifurahi, mimi ni mwalimu wa baiolojia Kakamega. Niulize ama nichangie. Virusi vya herpesi vyenyewe si vina maikroRNA zao? Nakumbuka virusi vya Epstein-Barr ndio vya kwanza kupatikana na maikroRNA zao wenyewe, mwaka 2004, na hao ndio wanahusishwa na ile saratani ya taya ya watoto, Burkitt, ambayo imetusumbua miaka mingi ukanda wote huu wa ziwa penye malaria. Sasa kama OsHV-1 ni herpesi, si moja kwa moja nayo itakuwa na maikroRNA za kuzima kinga ya chaza? Akoth angeweza kuunganisha hapo na darasa lingeelewa haraka kwa sababu Burkitt kila mtu huku ameisikia.

chebet_njoro

Mwalimu shikamoo, hoja yako ni nzuri na mfano wa Burkitt ni wa kwetu kabisa, lakini hiyo "moja kwa moja" ndio inanitia wasiwasi. OsHV-1 inaitwa herpesi kwa sababu ya umbo la ganda lake na vile linatengenezwa, lakini ukilinganisha jeni zake na za Epstein-Barr karibu hakuna kinachofanana, ndio maana imewekwa familia yake peke yake na jamaa zake wa konokono wa bahari. Walitengana zamani mno. Kwa hivyo Akoth aitumie Epstein-Barr kuonyesha kwamba herpesi inaweza kubeba maikroRNA na kwamba ni jambo la kutafutwa kwa OsHV-1, basi. Akisema inazo kwa sababu binamu anazo, yuko kosa lile lile la mbu.

Nikiwa hapa nijibu ile ya kudungwa RNA ya nyuzi mbili, naona haijajibiwa na kwangu ndiyo moyo wa mada yote. Mimi niko Njoro, upande wa mifugo na samaki.

Dawa waliyotumia inaitwa poli I:C. Ni RNA ya nyuzi mbili ya kutengenezwa, upande mmoja ni herufi I tupu, upande wa pili ni herufi C tupu. Fikiria hapo kwa makini Akoth. Haina hata herufi moja ya mpangilio wa OsHV-1. Hakuna siRNA inayoweza kutoka hapo ikalingane na virusi. Na bado chaza aliyedungwa hiyo kwanza kisha akapewa virusi anapona, na Ufaransa waliona kinga hiyo inadumu angalau miezi mitano. Sasa kama ulinzi ungekuwa unategemea kulinganisha herufi kwa herufi kama kwa mbu, poli I:C isingefanya kitu. Maana yake chaza ana vipokezi vinavyotambua umbo la RNA ya nyuzi mbili, haijalishi imeandikwa nini, na vikiitambua vinawasha jeni nyingi za kupinga virusi kwa mpigo mmoja, zingine zinafanana na zile zinazowashwa na intaferoni, ile protini ya kengele dhidi ya virusi, kwa binadamu na samaki. Na wakimdunga bakteria waliouawa badala ya poli I:C hapati kinga ya namna hiyo dhidi ya virusi, kwa hivyo si suala la kumshtua tu na sindano.

Kwa hivyo kuna RNA inayofanya kazi kama mwongozo, inalenga kitu maalum, na kuna RNA inayofanya kazi kama onyo, inaamsha kila mtu. Makala nyingi zinachanganya hizi mbili kwa sababu zote zinaanza na nyuzi mbili. Ukizitenganisha kwa slaidi yako ya kwanza, kila kitu kingine kinapata mahali pake. MaikroRNA inakaa pembeni ya zote mbili, haitambui virusi na haikati virusi, inarekebisha tu sauti ya majibu baada ya onyo kutolewa. Na hapo pia chunga, makala nyingi za maikroRNA za chaza zinakuambia hizi zilipanda hizi zilishuka baada ya maambukizi, halafu kompyuta inabashiri zinagusa jeni gani. Kupanda na kushuka peke yake hakuthibitishi kazi. Tafuta zile ambazo wameizuia maikroRNA wakaona jeni inabadilika na chaza anaumwa zaidi ama anapona, hizo ndizo uzitegemee.

jaduong_wa_keji

Habari za jioni. Mimi si msomi, nafuga ngege (tilapia) kwa keji huku Usenge, lakini kijana wangu alinisomea haya na nikasema niulize. Mwaka fulani samaki walikufa kwa keji zetu usiku mmoja, asubuhi ziwa limejaa mizoga, hasara ambayo mpaka leo nailipa mkopo. Tangu hapo kuna mtu anazunguka na unga, anasema una RNA, ukichanganya na chakula cha samaki kinga inapanda na hakuna kirusi kitagusa keji. Bei iko juu sana. Sasa nikisikia chaza anadungwa RNA na kupona, nauliza, huyo mtu anasema ukweli?

chebet_njoro

Jaduong' pole sana kwa hasara. Nakujibu bila kuzunguka, usinunue huo unga.

Sababu ya kwanza, samaki kufa wote usiku mmoja huwa mara nyingi si virusi. Ziwa likijigeuza, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda juu, na samaki wa keji hawana pa kukimbilia. Virusi vinaua kwa siku nyingi, leo kadhaa, kesho zaidi, na unaona samaki wamebadilika rangi, wameacha kula, macho yana shida. Kuna kirusi cha tilapia kinaitwa TiLV, kiliripotiwa Israeli 2014, na kimewahi kupatikana kwa samaki wa ziwa letu upande wa Uganda na Tanzania, kwa hivyo si kitu cha kupuuza, lakini hakiji namna uliyoeleza. Kipimo cha oksijeni alfajiri, saa kumi na moja hivi kabla jua halijatoka, ndicho kitu ningewekea pesa yako, na kutoziweka keji kwa maji mafupi na kutobananisha samaki.

Sababu ya pili, RNA ikiingia tumboni inakutana na vimeng'enya vya kuivunja, na kabla ya hapo inaoza kwa joto na unyevu wa stoo. Chaza walidungwa ndani ya msuli wakiwa labu. Hata kwa hao chaza mkulima wa Ufaransa hadungi mamilioni ya wachanga mmoja mmoja, haiwezekani. Kinachowasaidia mashambani ni mbegu iliyochaguliwa kutoka kwa familia zilizopona, na kuangalia joto la maji kwa sababu huko ugonjwa unaanza maji yakipita nyuzi joto 16 hivi, wanapanga lini waweke wachanga baharini.

Sababu ya tatu, ngege si chaza. Ngege ana kingamwili, ana intaferoni, ana kumbukumbu ya kinga, huyo anaweza kupewa chanjo ya kawaida ikipatikana. Ukiona samaki wanakufa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, chukua wale wanaokaribia kufa, si waliokwisha kuoza, weka kwa barafu upeleke KMFRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, Kisumu ama kwa afisa wa uvuvi wa kaunti wapimwe.

jaduong_wa_keji

Nyar Njoro, nyasaye akubariki. Huyo mtu akija tena nitamwambia apite.

akoth_maseno

Chebet hiyo ya mwongozo na onyo imenifungua macho kabisa. Jaduong' pole kwa hasara.

La mwisho halafu nawaachia. Umetaja familia zilizopona. Nimeona mahali wamewapa wazazi poli I:C halafu wakaangalia watoto, na watoto nao wakapona zaidi wakikutana na OsHV-1. Naweza kusema hiyo inabebwa na piRNA kwa mayai? Juu piRNA ziko kwa viungo vya uzazi na wamesema kwa chaza ziko nyingi. Ingeunganisha semina vizuri sana.

labu_ya_mbu

Naona kwa nini inakuvutia, hata mimi ningependa iwe hivyo. Lakini angalia walichoonyesha. Waliwapa wazazi poli I:C, viluwiluwi wao walipona zaidi, na athari ilionekana kutoka upande wa mama. Ya upande wa mama inakuambia kuna kitu kwa yai, yai linabeba protini, linabeba RNA za ujumbe, linabeba mafuta, linabeba RNA ndogo pia, na chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa ndicho. Hawakutoa piRNA kwa yai moja na kuziacha kwa lingine wakalinganisha.

Pia rudi kwa hoja ya Chebet. Poli I:C haina mpangilio wa virusi, kwa hivyo kama mama angeweka piRNA kwa yai kwa sababu ya hiyo sindano, zingelenga nini? Zingekuwa za I na C tupu. Ili piRNA zimsaidie kiluwiluwi dhidi ya OsHV-1 ingebidi mama awe amekutana na OsHV-1 yenyewe, si poli I:C. Kwa hivyo jaribio ambalo ungelitaka ni lingine, mama aliyepona virusi vya kweli, mayai yake yasomwe RNA ndogo, utafute zile alama za U mwanzoni na A nafasi ya kumi kwa vipande vinavyolingana na virusi. Weka hilo kama pendekezo lako la utafiti mwishoni, msimamizi akikuuliza kwa nini umwambie sababu ni hiyo ya I na C.